Kibali cha Saa Nane Usiku: Uchambuzi wa Kisa cha Viungo Vilivyopaswa Kuvuka Mpaka

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu usiku mmoja katika hospitali ya rufaa ya nchi ndogo, na mkataba ambao nchi hiyo ilikuwa imetia saini na jirani yake ili viungo vya binadamu viweze kuvuka mpaka kihalali. Majina ya nchi, hospitali na watu yameondolewa. Umri, jinsia na chanzo cha kuumia kwa mchangiaji havitajwi, na saa zimesogezwa kidogo bila kuvuruga mfuatano wa mambo. Nitaziita "nchi ndogo" na "nchi jirani". Wenye uzoefu wa kazi hii watajaribu kukisia ni wapi. Wasijisumbue: haya hutokea popote ambapo mkataba umeandikwa bila kumuuliza mtu anayepokea simu usiku.

## Usuli

Nchi ndogo ilikuwa na kituo kimoja cha kupandikiza figo. Kwa miaka kadhaa figo zote zilitoka kwa watu walio hai, ndugu kwa ndugu au mke kwa mume. Madaktari wake wa upasuaji walisomeshwa nchi jirani, kisha walimu wao wakawa wanakuja kusimama nao kwenye meza ya upasuaji mpaka walipoweza kufanya kazi peke yao. Huo ndio mtindo uliozoeleka wa ushirikiano katika fani hii, na kwa figo za walio hai unafaa sana. Upasuaji hupangwa mapema, hufanyika mchana, na kila anayehitajika yuko kazini.

Kuchangia viungo baada ya kifo ni kazi ya namna nyingine. Haina ratiba. Mchangiaji ni mgonjwa wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) ambaye ubongo wake umekufa huku moyo ukiendelea kupiga kwa msaada wa mashine ya kupumulia, na hali hiyo haidumu. Wagonjwa wa aina hiyo ni sehemu ndogo sana ya wote wanaofia hospitalini, kwa hiyo kila anayepotea kwa uzembe ana uzito. Duniani kote hufanyika upandikizaji zaidi ya 150,000 kwa mwaka, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hiyo haifikii hata asilimia 10 ya mahitaji.

Nchi ndogo ilipitisha sheria inayotambua kifo cha ubongo, ikapeleka wauguzi na daktari mmoja wa ICU kusomea uratibu wa uchangiaji. Haikuwa na kituo cha ini wala cha moyo, na kwa idadi ya watu wake isingekuwa busara kukijenga. Hapo ndipo mkataba ulipoingia. Wagonjwa wa nchi ndogo wanaohitaji ini au moyo wangeandikishwa kwenye orodha ya nchi jirani na kupangiwa kwa vigezo vilevile vya kitabibu wanavyopangiwa raia wa huko. Kwa upande wake, nchi ndogo ingetoa kwa jirani viungo ambavyo haina uwezo wa kuvipandikiza nyumbani.

Mpango kama huo si mgeni. Eurotransplant, yenye makao Leiden nchini Uholanzi, imekuwa ikigawa viungo baina ya nchi tangu 1967, na Scandiatransplant ya nchi za Nordiki ilifuata mwaka 1969. Azimio la Istanbul la 2008, tamko la wataalamu wa upandikizaji dhidi ya biashara ya viungo, lililohuishwa mwaka 2018, linataka kila nchi ijitahidi kujitosheleza kwa viungo, lakini halikatazi ushirikiano wa kikanda, mradi wanyonge wanalindwa na hakuna biashara ndani yake. Kimaadili, basi, mkataba ulikuwa umesimama vizuri.

Kifungu kimoja kilisema hivi: kiungo hakitavuka mpaka bila kibali cha mamlaka husika ya nchi kinakotoka. Kila mtu alikipenda. Wanasheria walikiona ni kinga dhidi ya magendo, nao wanasiasa wakakiona ni ulinzi wa uhuru wa nchi. Mamlaka husika ni nani hasa, na anapatikana kwa namba ipi usiku wa manane, hakuna aliyeandika.

## Mfuatano wa matukio

Jioni. Mgonjwa alikuwa ICU tangu siku mbili nyuma akiwa na jeraha kubwa la kichwa. Alipofikishwa alikuwa amepoteza damu nyingi, akaongezewa damu na maji mengi ya mishipa. Siku hiyo mchana mboni zake zilipanuka na mwitikio wa kukohoa ukatoweka. Madaktari wawili, ambao hawakuwa na uhusiano wowote na timu ya upandikizaji, walianza vipimo vya kifo cha ubongo. Kanuni elekezi za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 zinasisitiza utengano huo: anayethibitisha kifo asiwe yule atakayetoa kiungo wala yule anayemtibu anayekingoja.

Walihakikisha kwanza kuwa dawa za usingizi zimekwisha mwilini. Wakamulika mboni, wakagusa konea (utando wa mbele wa jicho) kwa pamba, wakamwagia maji baridi masikioni, wakachochea koo kwa mrija. Mwisho kikaja kipimo cha kupumua. Mashine ilisimamishwa huku oksijeni ikiendelea kupelekwa mapafuni, na kabonidayoksaidi ikaachwa ipande kwenye damu mpaka ikavuka milimita 60 za zebaki. Kwa kiwango hicho, shina la ubongo lililo hai lingelazimisha kifua kuvuta pumzi. Kifua hakikutikisika. Saa ya kifo ikaandikwa.

Saa mbili usiku. Kulikuwa na doa tayari. Kabla vipimo havijakamilika, mhudumu mmoja alimwambia kaka wa mgonjwa kwenye korido kwamba familia "ianze kufikiria habari ya figo." Alidhani anasaidia. Mratibu wa zamu alipofika, kaka alikuwa amefura kwa hasira, akiamini kuwa ndugu yake ameachwa afe kwa sababu ya figo hizo.

Mratibu hakuanza na figo wala fomu. Aliwaomba radhi kwa kilichosemwa koridoni, akawaingiza kwenye chumba cha pembeni, akamwachia daktari wa ICU aeleze kifo kwanza. Mama aliuliza swali ambalo kila mratibu hukutana nalo: mbona mwili bado una joto na kifua kinapanda na kushuka?

"Mama, hewa hiyo inasukumwa na mashine," daktari alimjibu. "Moyo una umeme wake wenyewe, ndiyo maana unaendelea kwa muda. Lakini mwanao ametutoka. Pole sana, mama."

Waliachwa peke yao. Mratibu alirudi baadaye, mama alipouliza mwenyewe kitafuata nini.

Saa tatu usiku. Mratibu alieleza kuwa figo zitabaki nchini, ila ini na moyo, vikikubalika, vitakwenda nchi jirani kwa kuwa hapa hakuna kituo. Baba mdogo wa marehemu alimkatiza.

"Kwa hiyo mnauza nje?"

"Hapana, baba. Kiungo hakina bei, hakuna anayelipa wala anayelipwa. Wagonjwa wetu wa ini wako kwenye orodha yao, nasi tunawapelekea kinapopatikana hapa."

Mzee alitaka aone hayo kwenye karatasi. Fomu ya ridhaa haikuwa na mstari wowote kuhusu nchi nyingine. Mratibu akageuza fomu, akaandika kwa mkono upande wa nyuma: viungo gani, vinaweza kwenda wapi, na kwamba hakuna malipo. Familia ikatia saini pande zote mbili. Ombi lao lilikuwa moja, waje kuambiwa kama viungo vimefanya kazi.

Saa tatu na nusu. Simu ya zamu ya nchi jirani ilipokelewa mara moja. Kundi la damu, urefu, uzito, historia ya ugonjwa na majibu ya maabara vilitumwa. Wakati huohuo kitandani mkojo ulianza kumwagika kwa wingi usio wa kawaida. Ubongo unapokufa, homoni inayozuia maji kupotea kupitia figo hukatika. Mfuko wa mkojo hujaa ndani ya muda mfupi, sodiamu (chumvi ya kwenye damu) hupanda, shinikizo la damu hushuka. Wauguzi wa ICU walikuwa wamefundishwa kulitarajia hili. Waliweka dawa mbadala ya homoni hiyo, wakawa wanarudisha maji na kupima sodiamu kila baada ya saa moja. Sodiamu ikizidi mno ini huathirika, na timu nyingi hulikataa.

Saa tano. Ultrasaundi ya moyo ilionyesha unasukuma vizuri. Nchi jirani ikaukubali kwa masharti na kumwita hospitalini mgonjwa aliyekuwa akiungoja. Kuhusu ini, daktari wao aliuliza swali moja zuri sana: sampuli iliyopimwa VVU na homa ya ini ilichukuliwa kabla au baada ya kuongezewa damu?

Ilikuwa imechukuliwa baada. Mtu aliyeongezewa damu na maji mengi anaweza kuwa na virusi au kingamwili zilizochujuka kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, na jibu la "hana" likawa la uongo. Maabara ya hospitali haikuwa na utaratibu wa kutunza sampuli za mapokezi. Bahati ikawa upande wao. Fundi wa maabara aliyekuwa zamu alifungua jokofu la kundi la damu, akapekua vishikio kimoja baada ya kingine, akapata kichupa kilichochukuliwa mgonjwa alipoingia, kabla ya chupa ya kwanza ya damu, saa ikiwa imeandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino. Vipimo vikarudiwa kwa sampuli hiyo. Vyote vilikuwa safi.

Saa saba kasorobo. Ini likakubaliwa. Timu ya nchi jirani ilianza kuelekea uwanja wa ndege, ikaomba namba ya kibali. Bila namba hiyo ndege yao isingeruka, kwa kuwa walishawahi kuzuiwa forodhani wakiwa na sanduku mkononi.

Saa saba hadi saa kumi na moja. Mratibu alimpigia mkurugenzi wa hospitali, naye akasema kibali hakimhusu, ni cha wizara. Simu ya ofisi ya wizara iliita bila kupokelewa. Afisa mmoja wa wizara aliyepatikana kwa namba yake binafsi alisema mwenye mamlaka ni katibu mkuu, ambaye alikuwa safarini. Naibu wake alipatikana saa nane na dakika chache. Hakukataa. Alisema hajawahi kuona fomu ya namna hiyo na hawezi kuidhinisha viungo vya binadamu vitoke nje ya nchi kwa simu, akataka maoni ya mwanasheria. Mwanasheria naye akataka nakala ya mkataba. Nakala ilikuwa kwenye kabati lililofungwa.

Saa tisa shinikizo la damu la mchangiaji lilianza kuyumba. Dawa ya kulipandisha iliongezwa, kisha ikaongezwa tena. Ultrasaundi ya pili, saa kumi, ilionyesha moyo umechoka. Timu ya moyo ya nchi jirani ilijiondoa, na mgonjwa aliyekuwa ameshaandaliwa akaambiwa arudi wodini.

Saa kumi na moja nchi jirani ilituma picha za kurasa za mkataba kutoka kwenye faili lake. Naibu akazisoma, akatoa idhini kwa mdomo huku simu ikirekodiwa, na kuahidi saini ofisi zikifunguliwa. Ndege ikaruka.

Asubuhi. Upasuaji ulifanyika kwa heshima na bila vurugu. Ini lilifungwa kwenye mifuko mitatu, ndani ya sanduku la barafu, pamoja na vichupa vya damu na vipande vya wengu kwa ajili ya vipimo. Kwenye uwanja wa ndege mlinzi alitaka sanduku lifunguliwe. Nakala ya idhini ikamtosha.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni wa mratibu kuiambia familia kuhusu mpaka. Hakuna aliyemlazimisha, na fomu ilimpa mwanya wa kunyamaza. Alipoulizwa baadaye kwenye mapitio ya tukio alijibu kwamba familia ingejua tu, kama si siku hiyo basi mazishini, na siku wakijua kutoka kwa mtu mwingine ndipo lingeitwa biashara.

Uamuzi wa pili ulifanyika saa nane, wakati kibali hakipatikani. Daktari wa upasuaji wa figo alipendekeza waachane na ini na moyo, watoe figo mara moja. Hoja yake haikuwa ya ubinafsi, kwani figo za nyumbani zilikuwa hatarini kwa ajili ya viungo vya kupeleka nje. Mratibu na daktari wa ICU walikubaliana kikomo: wangesubiri mradi figo zinatoa mkojo na shinikizo la damu linashikika kwa dawa kiasi fulani, na dawa ikivuka hapo wanaingia chumba cha upasuaji, kibali kiwepo kisiwepo. Kiwango kiliandikwa kwenye ubao wa ICU ili kila mtu akione. Naona huu ndio uamuzi bora wa usiku ule. Uligeuza mvutano wa watu wawili waliochoka kuwa kipimo ambacho hata muuguzi aliweza kukisimamia.

Uamuzi wa tatu ni wa timu ya moyo kujiondoa. Moyo unavumilia baridi kwa takribani saa 4 tu tangu damu inapokatika, wakati ini linaweza kufika 12 na figo kuvuka 24. Kuuchukua moyo ambao tayari umelegea, kwa safari, kungekuwa kumwekea mgonjwa dau kwa maisha yake. Walikuwa sahihi.

Uamuzi wa nne, wa naibu kutoa idhini ya mdomo iliyorekodiwa, ulikuja umechelewa lakini ulikuwa na msingi. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la 2012 kuhusu taarifa za viungo vinavyovuka mipaka, unaruhusu dharura kuanza kwa mdomo mradi maandishi yafuate, tena kwa lugha inayoeleweka na pande zote mbili. Naibu hakulijua agizo hilo, wala halikuihusu nchi yake. Alifikia palepale kwa akili zake, ila zilimchukua karibu saa tatu.

## Matokeo

Figo zote mbili zilipandikizwa nchini. Moja ilianza kufanya kazi palepale kwenye meza ya upasuaji. Nyingine ilichelewa, mgonjwa akaendelea kusafishwa damu kwa siku kadhaa mpaka ilipoamka. Ini lilifika na kufanya kazi. Moyo ulipotea. Mgonjwa aliyerudishwa wodini alibaki kwenye orodha, na kwa sababu za faragha hatima yake haimo kwenye kisa hiki.

Familia haikuambiwa lolote kuhusu ini kwa miezi. Hospitali ya nchi ndogo iliwapa habari za figo, bila majina kama inavyotakiwa. Habari za ini hazikuja, kwa kuwa mkataba uliitaka nchi jirani itoe ripoti "kila mwaka." Kaka wa marehemu alikwenda hospitalini kuuliza zaidi ya mara moja.

## Uchambuzi

Tuanze na kilichofanya kazi, kwa kuwa ni kingi kuliko moyo uliopotea unavyoonyesha. Kifo kilithibitishwa na watu sahihi kwa hatua sahihi, na hakuna aliyeharakishwa. Utunzaji wa mchangiaji ICU ulikuwa wa kiwango cha juu. Bila wauguzi wale hata figo zisingepona. Mazungumzo na familia yaliokolewa kutoka mahali pabaya. Hayo matatu ni matunda ya mafunzo ambayo nchi jirani iliyatoa kwa waratibu na wauguzi, ambayo katika bajeti nzima ya ushirikiano yalikuwa fungu dogo kabisa. Fungu kubwa lilikuwa limekwenda kwenye vifaa vya chumba cha upasuaji, mahali ambapo usiku ule hapakutokea tatizo lolote.

Jambo hili linajulikana kwa muda mrefu. Hispania ilipounda shirika lake la taifa la upandikizaji, ONT, mwaka 1989, ilikuwa na wachangiaji wapatao 14 kwa kila watu milioni moja. Katika miaka ya karibuni imevuka 40. Haikufika huko kwa kuongeza madaktari wa upasuaji. Iliweka ndani ya hospitali zake waratibu, wengi wao madaktari wa ICU, ambao kazi yao ni kumtambua mchangiaji kabla hajapotea. Kroatia ilichukua njia kama hiyo, ikajiunga na Eurotransplant mwaka 2007, na kutoka wachangiaji chini ya 3 kwa kila watu milioni mwaka 2000 ikafika 35 mwaka 2011. Wafadhili wanaizungumza mifano hii kwenye kila mkutano, kisha wanarudi kununua taa za chumba cha upasuaji, kwa sababu taa zinaweza kuzinduliwa na mgeni rasmi.

Sasa kibali. Ni rahisi kumlaumu naibu katibu, na katika kikao cha kwanza cha mapitio alilaumiwa sana. Silikubali hilo. Mtu ameamshwa usiku na sauti asiyoijua, anaambiwa aruhusu moyo na ini la binadamu vitoke nje ya nchi, haraka, bila karatasi. Katika dunia yenye biashara haramu ya viungo, mtumishi anayesema "ndiyo" papo hapo kwa ombi la namna hiyo ndiye wa kutiliwa shaka. Alifanya kile ambacho afisa makini hufanya asipokuwa na utaratibu: alitafuta utaratibu.

Kosa liko kwenye kifungu chenyewe. Kilitoa mamlaka kwa ofisi, na ofisi hulala. Ukiichunguza mifumo inayofanya kazi, utakuta kitu ambacho hakivutii macho hata kidogo: dawati lenye watu, saa 24, siku zote, wenye uwezo wa kuamua kwa kanuni zilizokwisha kukubaliwa mchana. Eurotransplant ina dawati la zamu la aina hiyo Leiden. Anayekaa pale haombi ruhusa ya waziri wa Austria kila ini la Austria linapokwenda Ujerumani. Mawaziri walishakubali mapema, kwa kanuni, na uhuru wa kila nchi haukupungua kwa hilo. Nchi ndogo iliyachanganya maamuzi mawili: kama viungo viruhusiwe kuvuka mpaka, ambalo ni swali la sera na linafaa kuchukua miezi, na kama kiungo hiki kimetimiza masharti, ambalo ni swali la orodha ya kukagua na linafaa kuchukua dakika.

Je, moyo ungepona kama kibali kingetoka saa saba? Hakuna anayeweza kuapa. Mchangiaji angeweza kuyumba hata hivyo, na ultrasaundi ya kwanza haikuwa ahadi. Lakini kati ya saa tano na saa tisa moyo ulikuwa mzuri, na timu ilikuwa safari fupi ya ndege kutoka pale. Ningekataa hitimisho lolote linaloliita tukio hili bahati mbaya.

Kichupa cha maabara kinastahili aya yake, kwa sababu mapitio ya ndani yalikiandika kama mafanikio. Hakikuwa mafanikio ya mfumo. Fundi yule alikuwa mtu makini, na jokofu lilikuwa halijasafishwa wiki ile. Siku nyingine kichupa kingekuwa kimeshatupwa na ini lingekataliwa, na kwa haki. Mtu akiokoa jambo kwa umakini wake binafsi, apongezwe, halafu utaratibu uandikwe ili kesho asihitajike shujaa.

Suala la familia lina pande mbili. Kauli ya koridoni ilikaribia kuharibu kila kitu, na dawa yake inajulikana: wasiozoezwa wasiguse mada hiyo, na habari ya kifo itenganishwe na habari ya kuchangia. Lakini ahadi ya kurudishiwa habari ilivunjwa kimyakimya, na hilo naliona zito zaidi. Baba mdogo aliuliza kama viungo vinauzwa nje. Alijibiwa vizuri kwa maneno. Miezi ya ukimya iliyofuata ilikuwa jibu la pili, na kwa masikio ya familia ile ilisikika kama "ndiyo." Kanuni elekezi za 2010 zinadai ufuatiliaji wa matokeo ya muda mrefu kwa anayetoa na anayepokea, na zinadai uwazi huku utambulisho wa watu ukilindwa. Kuiambia familia kwamba ini linafanya kazi hakuvunji usiri wowote.

## Yaliyobadilishwa baada ya mapitio

Kibali sasa kinatolewa na mratibu mkuu wa zamu wa nchi ndogo, kwa niaba ya wizara, kwa orodha ya kukagua ya ukurasa mmoja: kifo kimethibitishwa na madaktari wawili huru, ridhaa imetaja nchi jirani waziwazi, hakuna mgonjwa anayefaa nyumbani, sampuli ya kabla ya kuongezewa damu imepimwa au upungufu huo umeandikwa. Wizara hupata nakala papo hapo na hukagua vibali vyote kila mwezi. Jina na namba ya aliye zamu hutumwa nchi jirani kila Jumatatu. Nakala ya mkataba iko ICU, kwenye droo isiyofungwa.

Fomu ya ridhaa ina mstari kuhusu mpaka, kwa maneno ambayo mratibu aliyaandika kwa mkono usiku ule, yakiwa yamepunguzwa kidogo na mwanasheria. Maabara hutunza sampuli ya mapokezi ya kila mgonjwa wa jeraha la kichwa mpaka atoke hospitalini. Nchi jirani imekubali kutoa habari fupi ya kiungo baada ya mwezi wa kwanza na wa kumi na mbili, na familia iliyotajwa hapa ilikuwa ya kwanza kuipata.

Mambo mawili bado yanabishaniwa. La kwanza ni gharama ya ndege: mkataba unasema inalipwa na anayepokea kiungo, lakini haujasema nani analipa timu ikisubiri uwanjani usiku kucha na kurudi mikono mitupu. La pili ni hesabu ya viungo vilivyokwenda na vilivyorudi. Scandiatransplant ina kanuni za kulipana, ambapo hospitali iliyopewa kiungo kwa dharura hurudisha kingine baadaye. Nchi jirani inataka kanuni ya namna hiyo. Nchi ndogo inahofia kwamba, kwa uchache wa wachangiaji wake, itakuwa na deni la kudumu, na waratibu wake watajikuta wakiisukuma familia iliyofiwa ili hesabu ilingane. Pendekezo lililo mezani ni kuhesabu deni kwa kipindi cha miaka badala ya kiungo kwa kiungo, na waratibu wasionyeshwe hesabu hiyo kabisa.